Jemima Anasoma Bila Kukwama

Jumatatu, 29 Julai

Shajara hii sikuiomba. Dacia Kettering, mkuu wa umoja wetu wa akina mama wanaosomesha watoto nyumbani, hutugawia moja moja kila kiangazi ili tuandae mioyo kabla ya mwaka mpya wa masomo. Juu ya kila ukurasa pana ua. Chini pana mistari mitatu ya kuandika mambo matatu ya kushukuru. Katikati pameachwa wazi kwa ajili ya "tafakari". Miaka ya nyuma niliandika tafakari mpaka pembeni mwa ua.

Leo kapiga simu. "Dada Marla, Bwana ameliweka jina lako moyoni mwangu."

Nikajua kuna kazi. Jina langu halijawahi kuwekwa moyoni mwa Dacia bila kazi. Anataka nizungumze na akina mama, Ijumaa ya tarehe 23 Agosti, kwenye chumba cha chini cha kanisa. Mada: namna ya kuiandaa akili kwa mwaka mpya wa kusomesha nyumbani. Nikasema sawa. Kukataa kunataka sababu, na sababu inataka nguvu.

Februari tulimzika mwanetu Hosea, aliyezaliwa bila pumzi. Tangu hapo niko kama mdomo uliodungwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Nacheka, naongea, kahawa inachuruzika kidevuni na sina habari.

Nashukuru kwa:
1. Feni ya jikoni.
2. Feni ya chumbani.
3. Aliyevumbua feni.

Jumatano, 31 Julai

Maharage mabichi ya kuhifadhi kwenye chupa. Joto. Maharage mabichi.

Ijumaa, 2 Agosti

Maboksi ya vitabu vya mwaka mpya yamefika. Nimeyaweka kwenye korido na sasa tunayapita kwa ubavu.

Royce karudi jioni ananuka gesi. Mume wangu huendesha lori la kujaza gesi kwenye matangi ya mashambani, na ananuka hivyo hata Jumapili akiwa na tai. Baada ya kula tukafanya ibada. Utaratibu wetu ni wa miaka: Royce huandika sura ya kesho kwenye ubao mdogo karibu na friji, ili kila mtu aitafakari mchana, kisha jioni tunaizunguka meza mstari kwa mstari. Yeye, mimi, Tirza mwenye miaka kumi na mitano, Amos mwenye kumi na miwili, halafu Jemima, ambaye bado siku chache atimize minane. Jemima hufuata kwa kidole chini ya maneno, polepole, kama anampapasa paka.

Amesoma bila kukwama.

"Sikieni hiyo!" Royce akasema. "Huyu tutampa mimbari."

"Kanisani kwetu wanawake hawapewi mimbari, Baba," Amos akasema.

"Basi tutampa redio."

Tirza alikuwa anaangalia sahani yake tupu kana kwamba kuna kitu ndani.

Tulipoanza safari hii ya kusomesha nyumbani, mimi na Royce tuliwekeana sharti: mtoto yeyote akibaki nyuma, wote wanapanda basi la njano kwenda shule ya mjini. Sharti hilo nililitoa mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilijiamini sana.

Jumapili, 4 Agosti

Mama mkwe amekuja kula mchana. Wilma alifundisha darasa la kwanza shule ya mjini mpaka alipostaafu. Nusu ya kaunti ilijifunza herufi kwake, Royce akiwamo, na sherifu pia. Tirza alipokuwa na miaka mitano, Wilma alitubebea boksi la kadi zake za kufundishia kusoma, zote kaziandika kwa mkono. Nikamrudishia siku iliyofuata pamoja na pai ya tufaha, nikamwambia tunashukuru sana lakini tunao mfumo wetu. Alilichukua boksi, akaichukua na pai. Hajalitaja tena. Sahani ya pai nayo hajairudisha.

"Mnaanza lini mwaka huu, Marla?"

"Baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, mwanzo wa Septemba, Mama. Kama kawaida."

"Mjini wanaanza tarehe ishirini."

"Mjini wana viyoyozi."

"Na wewe una feni," akasema, akajipakulia viazi.

Ibada ilipokaribia zamu ya Jemima, akaenda chooni. Tikiti maji hilo, nadhani.

Tumepitia makaburini. Nyasi zote za kanisa zimekauka rangi ya karatasi ya mikate. Mimi sikushuka garini.

Jumatano, 7 Agosti

Hakuna mvua. Mahindi ya jirani yetu Delbert yamejikunja majani kama sigara. Jemima amesoma bila kukwama.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilikaa na maboksi ya vitabu. Nilifungua moja, nikanusa, nikalifunga. Zamani harufu ile ilinifanya nisilale kwa furaha. Leo ilinuka karatasi.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya kuzaliwa ya Jemima. Nitaandika yaliyotokea jinsi yalivyotokea, halafu nitakwenda kulala.

Wilma alileta zawadi: Biblia mpya yenye herufi kubwa, jina la Jemima limepigwa chapa ya dhahabu kwenye jalada. Royce aliifungua ukurasa wa kwanza, akainua nyusi. Ni tafsiri mpya. Sisi hapa nyumbani tunatumia ile ya kale, aliyoitumia babu yake Royce na baba wa babu yake.

"Hizi mpya wamezipunguza chumvi, Mama," akasema.

"Herufi zake ni kubwa," Wilma akasema. "Mtoto aone."

Kwetu mwenye sherehe hujichagulia zaburi na kuisoma peke yake mbele ya keki. Jemima akachagua ile inayosomwa kwenye mazishi yote, na iliyosomwa Februari. Royce akanitazama upesi. Nikatikisa kichwa kwamba haidhuru, maana kweli haikunidhuru.

"Isome kwenye Biblia yako mpya, mpenzi," Wilma akamwambia.

Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake, Biblia yangu iko juu chumbani, kwa hiyo nikachungulia yake. Kidole chake kilitembea chini ya mstari. Mdomo wake ulitembea mahali pengine kabisa. Kitabu kilisema kwa maneno ya siku hizi, mafupi, kama mtu anayeagiza kahawa. Yeye alikuwa anatoa yale ya kale, neno kwa neno, na vituo vyake vyote. Kidole kilifika mwisho wa zaburi yeye akiwa bado nusu. Akakirudisha juu, kikaanza upya, na sauti haikutetereka.

Bila kukwama.

Watu walipiga makofi. Amos alipuliza mshumaa ambao haukuwa wake, wakagombana. Wilma alikuwa anakunja kitambaa chake cha karatasi. Alikikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa hakikunjiki. Kisha akasimama kukusanya sahani.

Niliiona ile habari kama mtu anavyoona sufuria ikifurika kwenye jiko la jirani.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimempa Jemima boksi la vifuniko vya chupa za kuhifadhia nyanya.

"Nisomee hapa, nyanya zichemke dakika ngapi."

"Arobaini," akasema papo hapo.

"Umeona wapi?"

"Juzi uliweka arobaini."

"Haya, na neno hili kubwa?"

Akaliangalia boksi, akaangalia picha. "Vifuniko."

Ni jina la kiwanda.

Nikamwandikia kwenye bahasha: *Paka yuko juu ya zulia.* Akaitazama muda mrefu. Feni ikageuka kwake, ikageuka kwangu. Akasema macho yanamuuma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tirza hajanipa hiyo."

"Hajakupa?"

"Mama, umekasirika?"

"Hapana."

Ni kweli. Niliitafuta hasira kama unavyotafuta miwani. Haikuwepo mezani, haikuwepo mfukoni.

Alhamisi, 15 Agosti

Nyanya. Nilimweka Tirza amenye, mimi nikate, tusitazamane.

"Jemima hajui kusoma," nikasema.

Kisu chake kikasimama, kikaendelea. "Anajua herufi nyingi."

"Tirza."

"Anajua karibu zote, Mama. Zinamchanganya zikikaa pamoja."

Basi akanieleza. Sura ikiandikwa ubaoni, Amos huhesabu. Watu watano mezani, kwa hiyo Jemima anapata mstari wa tano, wa kumi, wa kumi na tano. Tirza humkalisha juu ya kitanda mchana na kumkaririsha mpaka aishike. Wageni wakija hesabu inaharibika, kwa hiyo Jemima anakwenda chooni.

"Amos ndiye aliyebuni la chooni," akasema, kwa kutaka haki itendeke.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi." Nyanya ilimponyoka, ikateleza sinkini. "Alikuja kwako na kitabu chake, Mama. Ulikuwa umekaa pale kwenye kiti cha dirishani. Ukamwambia baadaye. Kesho yake akaja tena, ukamwambia baadaye. Siku ya tatu nikamwambia njoo kwangu. Mimi sijui kufundisha kusoma. Najua kukaririsha tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wakati gani?" akasema. Halafu akaogopa, maana hajawahi kunijibu hivyo. "Samahani, Mama."

"Endelea kumenya," nikasema. Nilitaka kusema jingine, lakini hilo ndilo lililokuwa karibu na mlango.

Mtu mwingine hapa angesema watoto wake ni waongo. Mimi nilikuwa nafikiri kwamba wale wawili wameendesha shule miezi mitano, yenye ratiba na mitihani ya kila jioni, na mwanafunzi wao hajafeli hata mara moja.

Ijumaa, 16 Agosti

Pichi. Royce hajui. Ibada: Jemima bila kukwama. Sasa namsikia Amos akihesabu chini ya pumzi.

Jumanne, 20 Agosti

Basi la njano limepita asubuhi kwa mara ya kwanza. Vumbi lilikaa hewani hata baada ya basi kwenda. Jemima alisimama dirishani.

"Wale ndani wanajua kusoma wote?" akaniuliza.

"Si wote."

"Wasiojua wanafanywaje?"

"Wanafundishwa."

Akafikiri. "Na nani?"

Nikamwambia akalishe kuku.

Nikimwambia Royce, sharti ni sharti: wote watatu wanapanda lile basi, na Tirza, ambaye hajaketi darasani maisha yake yote, anaanza shule na watoto mia. Nisipomwambia, Jemima atafika miaka kumi akisoma kwa masikio. Jambo la ajabu ni kwamba sijui nataka lipi. Ninaposikia basi linakaribia, kitu kimoja ndani yangu kinasema: mapumziko. Asubuhi nzima, nyumba tupu, kiti cha dirishani.

Jumatano, 21 Agosti

Basi. Hakuna mvua.

Jumamosi, 24 Agosti

Jana usiku sikuandika. Nilizungumza na akina mama.

Nilikuwa nimepanga kuwaambia. Nilipanda mbele na karatasi yangu, juu yake nimeandika neno moja, *Jemima*. Dacia alikuwa mstari wa mbele na chati zake za rangi zilizopigwa plastiki. Nyuma kulikuwa na meza ya keki za limau. Nikafungua mdomo, na mdomo ukatoa hotuba. Mambo matano ya kuandaa akili: kukumbuka kwa nini ulianza, kuachilia mwaka uliopita, kumtazama mtoto, si kitabu, kutojilinganisha na jirani, kuanza kila asubuhi kwa magoti. Niliitoa mwaka juzi, na mwaka ule kabla yake kwa kanisa lingine. Niliishusha sauti pale pa kuishusha. Kwenye jambo la tatu, kumtazama mtoto, si kitabu, nilinyamaza kidogo, na wanawake wawili wakatoa vitambaa.

"Dada Marla," Dacia alinikumbatia, macho mekundu. "Na mwaka uliokuwa nao! Umesimama pale kama mwamba."

Nikala kipande cha keki ya limau. Ilikuwa na ladha ya kitu laini.

Njiani kurudi, peke yangu, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kidole changu kilikuwa kwenye ukurasa mmoja na mdomo kwenye mwingine, na ukumbi mzima ulipiga makofi.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimfuata Royce bandani. Alikuwa chini ya mashine ya kukatia nyasi, ingawa hakuna nyasi za kukata tangu Juni.

"Jemima hajui kusoma."

"Anasoma kila jioni," ikasema miguu yake.

"Anakariri. Tirza humkaririsha mchana, Amos anahesabu mistari."

Akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Tangu lini?"

"Tangu mimi..." Nikaonyesha kwa mkono, kama mtu anayezima taa.

Akakaa juu ya ndoo. "Tulikubaliana, Marla."

"Najua. Sharti ni langu."

"Basi Jumatatu nawapigia shule."

Nilikuwa nimeandaa kusema sawa. Ningesema sawa na ningerudi jikoni. Nikajisikia nasema, "Subiri mpaka Delbert avune mahindi."

"Kwa nini? Kitabadilika nini?" Hakuuliza kwa ukali. Ndiyo maana ikawa vigumu.

"Sijui bado."

"Unataka kuendelea, au hutaki tu kushindwa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la maana kama hilo kwenye mikutano yote ya kuandaa akili niliyohudhuria. Nikasema, "Hilo nalo sijui."

Akaivua kofia, akaivaa. "Mpaka Delbert avune. Siku hiyo siandiki kitu ubaoni. Nitafungua popote. Jemima akisoma mstari mmoja ambao hajapewa na mtu, mnabaki. Asiposoma, wote watatu wanapanda basi, na hatugombani."

"Hatugombani."

Ukame unaharakisha mavuno. Delbert ataingia shambani kabla ya mwisho wa Septemba. Nilikuwa nimeshasahau hilo nilipoomba.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya ibada nilishuka garini makaburini. Sijui kwa nini leo.

Makaburi yote yamekauka. La Hosea lina nyasi. Mraba mdogo wa kijani kibichi, kama kitambaa kilichoanguka. Nilisimama pale kama mjinga nikitafuta bomba limepasuka wapi. Kisha nikakumbuka madumu ya maziwa nyuma ya lori la Royce, yaliyojaa maji, ambayo majira yote haya nilidhani ni ya rejeta. Lori la gesi hupita hapa Jumanne na Ijumaa.

Miezi yote hii nilikuwa namhesabu Royce kama mtu aliyeshamaliza kuomboleza. Anarudi, anakula, anaandika sura ubaoni. Sikumwambia kwamba nimeona. Nilimwekea pichi nyingi kuliko wengine, akazila zote bila kuuliza.

Mchana nikaenda kwa Wilma, miguu mitupu ndani ya viatu vya bustani. Alikuwa anakata maua yaliyokauka.

"Mama, Jemima hajui kusoma."

"Najua," akasema, akakata jingine.

"Tangu lini?"

"Pasaka. Alinisomea kadi ya Pasaka akiwa ameishika kichwa chini."

"Na hukusema!"

Akaniangalia juu ya miwani. Nikajisikia niko darasa la kwanza na nimejikojolea. "Marla, mimi niliwahi kuleta boksi nyumbani kwako."

Nzi akatua kwenye mkasi, akaruka.

"Naliomba," nikasema.

"Silitoi." Akavua glavu. "Boksi halifundishi mtu, ni karatasi tu. Nitakuja nalo mwenyewe, asubuhi, na nitaondoka kabla ya chakula cha mchana. Na wewe utakaa mezani. Si jikoni, si kwenye hicho kiti chako cha dirishani. Mezani, ubavuni mwa mtoto."

"Mimi sifai kitu siku hizi, Mama. Sisikii chochote."

"Sikukuomba usikie. Nimekuomba ukae."

Jumanne, 3 Septemba

Siku ya kwanza. Picha barazani, kama kila mwaka: kila mtoto na kibao chake cha chaki kinachosema darasa la ngapi. Nilimaliza cha Tirza, nikamaliza cha Amos, nikashika cha Jemima na chaki hewani.

"Niandike darasa la ngapi?" nikamuuliza Wilma.

"Mpe mwenyewe aandike jina lake."

Jemima akaandika, ulimi nje. J yake inatazama upande usio wake. Ndiyo picha tuliyopiga. Dacia atadhani ni mtindo mpya, na mwakani wote watafanya.

Wilma aliingia na boksi. Juu ya boksi kulikuwa na sahani yangu ya pai. Aliiweka sinkini. Mimi nikaiosha.

Jumatano, 4 Septemba

Nilikaa mezani. Kadi. "A." "A." Basi likapita. "M." "M."

Ijumaa, 6 Septemba

Nilikaa mezani. Jemima alilia, akatupa kadi ya B kwenye feni. Feni ikairudisha.

"Hiyo imekataa kwenda," Wilma akasema. "Iokote."

Jumatatu, 9 Septemba

Kwenye ibada sasa Jemima hasomi, anasikiliza. Amos anasema meza ya watu wanne ina hesabu mbaya. Nadhani anaikosa kazi yake.

Alhamisi, 12 Septemba

Wilma alichelewa, gari liligoma. Jemima alikuja na kadi, akasimama mbele yangu kama alivyosimama Machi, nadhani, maana Machi siikumbuki.

"Tumngoje Bibi?"

Neno "baadaye" lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza. Nikavuta kiti.

Tulifanya kadi sita. Kwenye ya sita aliziunganisha herufi tatu, akasimama, akazipitia tena, akanitazama ghafla, macho makubwa. "Mama! Ni *jua*! Hili la juu!" Akaonyesha dari, akimaanisha mbingu. Aliruka mpaka nje kumwambia jua lenyewe.

Kuna kitu kiliniwasha chini ya mbavu, kidogo. Kama mdomo ganzi inapoanza kuisha. Haipendezi hata kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kupona panauma.

Jumanne, 17 Septemba

Basi. Kadi. Vumbi. Delbert ameitoa kombaini bandani kuipaka grisi.

Ijumaa, 20 Septemba

Kombaini imeingia shambani. Tirza alisimama barazani kuitazama, mikono kwapani. Nikamuuliza kama anaogopa basi. Akasema, "Naogopa Jemima atajua ni kwa sababu yake." Nikamshika kichwa, nikakiegemeza begani kwangu. Amenipita urefu. Sijui lini.

Jumapili, 22 Septemba

Delbert amemaliza jana jioni. Mashina tu. Usiku mawingu yalikuja, na leo tangu asubuhi yamekaa juu yetu bila kufanya lolote, kama wajumbe wa kamati.

Wilma alikula nasi. Ubao ulikuwa mtupu. Baada ya kula Royce akachukua Biblia mpya ya Jemima, siyo yetu, akafumba macho, akafungua popote, akaweka kidole. Akafumbua macho, akaangalia alipoangukia, na nikaona uso wake unataka kuomba apewe nafasi nyingine. Ilikuwa katikati ya habari ya watu wanaojenga ukuta. Hakuna anayeikariri hiyo. Hata wachungaji huiruka.

"Mstari huu, binti yangu. Mmoja tu."

Tirza akashika ukingo wa meza. Amos aliacha kutafuna.

Jemima akaweka kidole. Neno la kwanza alilipata. La pili alilipata. La tatu akakwama.

Midomo ya Tirza ilianza kulitengeneza neno, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Jemima akarudi nyuma, akaanza tena, akakwama palepale. Akaniangalia. Mimi nilikuwa ubavuni mwake. Neno nililiona, na lilikuwa mdomoni kwangu zima. Nikavuta kiti changu karibu zaidi, basi.

Akalikata lile neno vipande, akakisema kipande cha kwanza, cha pili, akavipachika. *Mawe.* Akavuta pumzi. Akaendelea. Alikwama tena, na tena, mchuzi ukaganda kwenye sahani, na mwisho wa mstari alifika kama mtu anayepanda ngazi na kabati mgongoni. Alisoma vibaya kuliko nilivyowahi kusikia mtu akisoma nyumbani mwangu. Kila neno lilikuwa lile lililoandikwa.

"Umesema wamejenga nini?" Royce akauliza. Sauti yake haikuwa sawa.

"Ukuta, Baba. Imeandikwa hapa."

Royce akaweka mkono mdomoni, akasukuma kiti, akaenda nje kuangalia lori ambalo halikuwa na tatizo.

"Tunabaki?" Amos akauliza.

"Tunabaki," nikasema, na wakati nasema nikagundua ndilo nililolitaka. Nililia kidogo, machozi ya kawaida, yenye chumvi. Nilipoyafuta nilijua yako wapi usoni.

Mimi na Wilma tukaosha vyombo.

"Mama. Ile Biblia. Unajua Royce hazipendi hizo mpya."

"Najua."

"Dukani hawakuwa na ya kale?"

"Walikuwa nazo zote mbili," akasema, akanipa sahani nikaushe.

Nashukuru kwa:
1. Jemima amekwama.
2. Mvua, imeanza sasa hivi. Royce bado yuko nje, analowa, haingii.
3. Feni. Nimeizima.